Kabla Hujalipia Kito cha Rangi: Lijue Jiwe Kwanza, Pesa Zifuate

Picha imeingia WhatsApp. Jiwe la kijani linang'aa kwenye kiganja cha mtu, na chini yake kuna maneno: "Tsavoraiti safi ya Voi, karati 4. Mwenyewe ana shida ya haraka ndio maana bei iko chini hivi. Kuna mteja mwingine anakuja saa kumi. Tuma ya kushikilia sasa hivi." Namba iko hapo hapo. Simu iko mkononi, na pesa ziko ndani ya simu. Kutuma ni sekunde chache tu.

Hizo sekunde chache ndizo tunataka kuzungumzia leo. Sisi kazi yetu ni kuhamisha pesa. Tunaweza kukuonyesha jina la anayepokea kabla pesa hazijatoka, na tunaweza kukupa rekodi ya kila muamala. Lakini kuna jambo moja hatuwezi kulifanya hata tukitaka: hatuwezi kuangalia jiwe. Mfumo wetu haujui kama ulicholipia ni kito au kipande cha chupa. Kazi hiyo ni yako, na inapaswa kuisha kabla ya kubonyeza "Tuma".

Kanuni yetu ni fupi: jiwe lijulikane kwanza, pesa zifuate. Yote yaliyo hapa chini ni ya kukusaidia kuishika kanuni hiyo, iwe unanunua pete ya uchumba, hereni za mama, au jiwe ambalo mtu amekuambia "litapanda bei".

Unanunua nini hasa?

Swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "bei ngapi?" Liwe "hili ni jiwe gani?" Rangi peke yake haitoshi kukupa jibu. Jiwe la kijani linaweza kuwa zumaridi, tsavoraiti, turmalini, au kioo. Jiwe jekundu linaweza kuwa rubi, ganeti au spineli. Yote yanapendeza, lakini bei zake hazikaribiani.

Sisi Wakenya tuna bahati kwamba baadhi ya vito vinavyotafutwa duniani vinatoka hapa nyumbani. Tsavoraiti ni ganeti ya kijani iliyopewa jina la Tsavo. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta Tanzania mwaka 1967, kisha upande wa Taita Taveta miaka michache baadaye. Kampuni ya Tiffany & Co. ya Marekani ndiyo iliyoitangaza kwa ulimwengu mwaka 1974. Rubi nayo imechimbwa Mangare, huko huko Taita Taveta. Yakuti za samawati, ambazo wengi huziita safaya, zimetoka Garba Tula, kaunti ya Isiolo.

Jirani zetu wana tanzanaiti. Eneo pekee duniani linalojulikana kuichimba kibiashara ni Mirerani, mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Kwa hivyo mtu akikuambia anauza "tanzanaiti ya Kenya iliyochimbwa kwa shamba la mjomba", una sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Kitu kimoja zaidi: kwamba jiwe linatoka karibu na kwetu haimaanishi jiwe lolote linalouzwa karibu na kwetu ni la kweli. Kioo cha kijani nacho kinaweza kupanda matatu hadi Voi, kikarudi Nairobi kikiitwa tsavoraiti.

Rangi ndiyo bei

Kwa almasi watu hutafuta weupe. Kwa vito vya rangi ni kinyume: rangi yenyewe ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei. Mambo matatu ya kuangalia ni haya.

Kwanza, ni rangi gani. Je, kijani ni kijani kweli, au kimeingiliwa na manjano au kahawia?

Pili, nguvu ya rangi. Jiwe lililopauka sana huwa na bei ndogo. Lakini jiwe lenye giza mpaka linaonekana jeusi nalo si zuri, hata kama muuzaji atasema "hiyo ni rangi nzito".

Tatu, rangi imeenea vipi. Ligeuze jiwe polepole. Kuna mawe ambayo rangi imekaa upande mmoja na upande mwingine umekuwa mtupu.

Halafu kuna mwanga. Taa za dukani hufanya kila kitu king'ae, na kuna wauzaji wanaojua taa ipi inapendezesha jiwe lipi. Omba kulitoa jiwe nje, uliangalie kwa mwanga wa mchana, ikiwezekana kivulini. Kisha liangalie tena chini ya balbu ya kawaida. Tanzanaiti, kwa mfano, inaweza kuonekana ya buluu zaidi mchana na kuelekea zambarau chini ya balbu yenye mwanga wa manjano. Hilo si kosa la jiwe, ndivyo lilivyo. Lakini ni vizuri ulijue kabla ya kulipa, si usiku wa sherehe.

Picha ya simu usiitegemee kabisa. Kamera hubadilisha rangi, na programu za kuhariri picha humaliza kazi. Picha inaweza kukufanya uende kuangalia jiwe. Isikufanye ulipe.

Usafi nao una bei, ila usitafute jiwe lisilo na doa hata kidogo. Mawe ya asili mengi huwa na alama ndani, kwa sababu yalikua ardhini pamoja na madini mengine. Zumaridi ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo. Jiwe kubwa, lenye rangi kali, safi kama maji, na bei ni ya kutupa? Hapo simama kwanza.

Karati, gramu na hesabu inayochanganya watu

Vito vilivyokatwa hupimwa kwa karati. Karati 1 ni gramu 0.2, yaani karati 5 ni gramu 1. Mawe ghafi, yale ambayo hayajakatwa, mara nyingi huuzwa kwa gramu. Mkanganyiko mwingi huanzia hapa, na wengine huutumia makusudi.

Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Muuzaji anakuambia jiwe ni "elfu kumi". Elfu kumi kwa nini? Kama ni kwa gramu, jiwe la gramu 2 ni KSh 20,000. Kama ni kwa karati, jiwe hilo hilo ni karati 10, na bei ni KSh 100,000. Neno moja, tofauti ya KSh 80,000. Uliza waziwazi, na jibu liandikwe kwenye ujumbe.

Mfano wa pili ni wa wale wanaopenda kununua jiwe ghafi ili "nikalikatie mwenyewe". Likikatwa na kung'arishwa, jiwe hupoteza uzito mwingi, mara nyingi zaidi ya nusu. Tuseme lile jiwe la gramu 2 limebaki robo tu. Sasa una karati 2.5, na bado unadaiwa pesa za mkataji. Hapo pia ndipo nyufa zilizokuwa zimejificha hujitokeza. Kununua jiwe ghafi ni kazi ya watu waliozoea. Kama hujazoea, nunua lililokatwa, unaloweza kuliona ndani.

Na usifikiri jiwe la karati 2 bei yake ni mara mbili ya la karati 1. Mawe makubwa safi ni adimu, kwa hivyo bei ya kila karati nayo hupanda kadiri jiwe linavyokua. Tsavoraiti nyingi zilizokatwa ni ndogo. Safi ya zaidi ya karati 3 si kitu cha kila siku. Kwa hivyo ile "karati 4, bei poa" ilipaswa kukufanya ukune kichwa.

La asili, lililoboreshwa, lililotengenezwa, la kuiga

Maneno haya manne ndiyo yanayotenganisha mnunuzi anayejua na anayebahatisha.

Jiwe la asili limetoka ardhini, likakatwa na kung'arishwa tu.

Jiwe lililoboreshwa limetoka ardhini, lakini limefanyiwa kitu kuongeza uzuri. Hilo si lazima liwe wizi. Karibu tanzanaiti zote sokoni zimepashwa moto ili rangi ya kahawia igeuke buluu au zambarau, na rangi hiyo hubaki. Safaya na rubi nyingi pia hupashwa moto. Zumaridi nyingi huingizwa mafuta ili nyufa zisionekane. Tsavoraiti kwa kawaida haifanyiwi lolote kati ya hayo, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuipenda. Uboreshaji unakuwa tatizo pale muuzaji anapouficha na kukutoza bei ya jiwe ambalo halikuguswa.

Kuna uboreshaji mmoja wa kuuogopa zaidi: rubi dhaifu zenye nyufa ambazo zimejazwa glasi yenye madini ya risasi. Kwa macho zinapendeza sana. Lakini glasi hiyo huharibiwa na asidi, hata maji ya ndimu jikoni yanatosha. Ukiipeleka kwa sonara akarekebishe pete, moto wake nao unaweza kuiharibu. Ukiuziwa rubi kubwa kwa bei ndogo, uliza swali hili moja kwa moja: "Imejazwa glasi?"

Jiwe lililotengenezwa limetoka kiwandani, lakini ndani ni madini yale yale. Rubi ya kiwandani si jambo la juzi. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kuitengeneza mwaka 1902. Kwa hivyo pete ya nyanya haithibitishi chochote kwa sababu tu ni ya zamani. Rubi ya kiwandani ni nzuri kuvaa, ila bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya rubi ya ardhini.

Jiwe la kuiga ni kitu kingine kabisa kilichovalishwa jina: kioo, plastiki, au vipande viwili vilivyogundishwa, juu jiwe la kweli na chini kioo. Haya ya kugundishwa ni magumu kuyagundua yakishawekwa kwenye pete iliyozibwa upande wa nyuma. Ikiwezekana, liangalie jiwe likiwa nje ya pete, na ulitazame kutoka ubavuni.

Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia masonara, husaidia. Viputo vya hewa vya duara ndani ya jiwe ni dalili ya kioo au ya kujazwa glasi. Kingo zilizochakaa kwa jiwe linaloitwa safaya nazo zitie shaka, maana safaya ni ngumu sana. Lakini rubi ya kiwandani iliyotengenezwa vizuri inaweza kumpita hata mzoefu mwenye lenzi. Hapo ni maabara tu.

Na tafadhali, hayo majaribio ya mtaani yaache. Kulichoma jiwe kwa kiberiti au kulikwaruza kwa kisu hakuthibitishi kitu, na unaweza kuharibu mali ya mtu, kisha ikubidi uilipe.

Litavaliwa wapi?

Ugumu wa vito hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10, na almasi iko kwenye 10. Rubi na safaya ziko 9. Zumaridi iko kati ya 7.5 na 8. Tsavoraiti iko kati ya 7 na 7.5. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Kioo cha kawaida kiko karibu 5.5.

Kwa nini ujali? Kwa sababu vumbi la kawaida lina chembe za mchanga, na mchanga huo uko karibu 7. Kila unapopangusa jiwe laini kwa kitambaa chenye vumbi, unalikwaruza kidogo kidogo. Kwa hivyo pete ya uchumba ya mtu anayefua, kupika na kubeba mizigo kila siku inafaa zaidi kuwa na rubi au safaya. Tanzanaiti itadumu vizuri zaidi kwenye hereni au kidani, ambapo haigongwi ovyo. Ukiiweka kwenye pete, basi iwe pete ya kuvaa siku maalum.

Tanzanaiti na zumaridi pia usikubali zisafishwe kwa mashine ile ya mitetemo iliyo kwa masonara. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini vinatosha.

Cheti ni cha jiwe gani?

Kwa jiwe la pesa nyingi, omba ripoti ya maabara. GIA ya Marekani, na Gübelin na SSEF za Uswisi, ni miongoni mwa zinazoaminika duniani. Hapa nyumbani, idara ya serikali inayosimamia madini ina maabara yake Nairobi. Ulizia pale huduma na gharama kabla ya kupeleka jiwe.

Ripoti nzuri hukuambia ni jiwe gani, uzito wake, vipimo vyake kwa milimita, na kama limeboreshwa. Soma vitu viwili kwa makini. Kwanza, je, namba ya ripoti inapatikana kwenye tovuti ya maabara yenyewe? Andika anwani ya tovuti mwenyewe, usibonyeze kiungo ulichotumiwa na muuzaji. Pili, je, uzito na vipimo vinalingana na jiwe lililo mbele yako? Ripoti inaweza kuwa halali kabisa, lakini ya jiwe lingine.

Karatasi ambayo muuzaji amejichapishia mwenyewe, hata ikiwa na mhuri wa dhahabu, ni tangazo la biashara. Isikutoshe.

Muuliza leseni halaumiwi

Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, anayefanya biashara ya madini Kenya anahitaji leseni, na kuyapeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hivyo broka akikuuzia mawe, omba kuona leseni yake na kitambulisho chake, na uangalie kama majina yanafanana. Muuzaji wa kweli hatakasirika. Ameshaulizwa hayo mara nyingi.

Duka la sonara lenye anwani unayoweza kurudi kesho lina faida moja kubwa: litakuwepo kesho. Hilo peke yake lina thamani ya pesa.

Sasa tuje kwa malipo

Hapa sasa ni nyumbani kwetu. Ukishajua jiwe ni lipi, fuata hatua hizi.

1. Kubaliana kwa maandishi. Tuma ujumbe mmoja unaosema: jina la jiwe, uzito wa karati, la asili au la kiwandani, limeboreshwa au la, bei yote, na kitakachofanyika kama maabara itasema tofauti. Muuzaji ajibu "Nimekubali". Ujumbe huo unaweza kukuokoa.

2. Kama lazima utoe ya kushikilia, iwe kidogo. Kiasi ambacho kikipotea utaumia lakini utalala. Usilipe nusu ya bei kwa jiwe ambalo hujaligusa.

3. Kutaneni mahali penye macho ya mtu wa tatu: kwa sonara unayemwamini, au maabara. Jiwe likaguliwe ukiwa hapo hapo. Usikubali "nipe dakika tano nilifunge vizuri" halafu akaingia chumba cha nyuma nalo. Jiwe lililokaguliwa ndilo liondoke nawe.

4. Lipa kwa till au paybill ya biashara. Duka linalokuambia "till imeharibika, tuma kwa hii namba ya kijana" linakunyima rekodi ya biashara. Subiri till ipone, au rudi siku nyingine.

5. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalotokea kwenye skrini lilingane na jina la duka au la leseni. Kama ni jina usilolijua, ghairi. Kughairi hakuna gharama.

6. Dai risiti yenye maelezo ya jiwe. "Pete 1" haitoshi. Iandikwe: "Pete ya fedha, safaya ya asili, imepashwa moto, karati 1.2", pamoja na kodi ya muamala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ujumbe wa uthibitisho ni nusu ya daftari. Nusu nyingine ni hiyo risiti. Usifute ujumbe, na piga picha ya risiti.

7. Pesa kubwa zipitie benki. Kikomo cha muamala mmoja wa pesa za simu nchini ni KSh 250,000. Mtu akikuambia ugawanye malipo kwa namba tatu za watu tofauti, jiulize kwa nini hataki akaunti moja yenye jina lake.

Na kama wewe ndiye muuzaji, usiachilie jiwe kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, wala kwa ujumbe ulioingia kwako kutoka namba ya kawaida. Angalia salio lako kwanza. Wachimbaji wadogo nao hutapeliwa, na jiwe walilolitafuta miezi mingi likaenda bure.

Maneno ya kukufanya ushuke breki

Yakitajwa haya, weka simu chini kwanza:

"Mteja mwingine yuko njiani." Akinunua yeye, sawa. Mawe mengine yapo.

"Ni la magendo ndio maana ni rahisi." Basi hata likiwa la kweli, huna pa kulalamika, na unaweza kujikuta unajibu maswali ya polisi.

"Nunua hapa, kuna Mzungu hotelini anataka kwa bei mara tatu." Jiulize kwa nini hajaenda yeye mwenyewe hotelini. Mara nyingi huyo mnunuzi na huyo muuzaji wanajuana.

"Mzigo umekwama uwanja wa ndege, tuma ushuru kwa namba hii." Hakuna ofisi ya serikali inayopokea ushuru kwa namba ya mtu binafsi.

"Nitumie PIN nikusaidie kulipa." Hata sisi hatuulizi PIN yako. Hakuna mtu wa kumpa.

Kama umeshalipa na kuna shida

Tuseme ukweli ili usije ukatulaumu bure. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, tuarifu mara moja. Kama hazijatolewa, tunaweza kuzizuia na kuanza utaratibu wa kuzirudisha. Lakini ukimlipa mtu uliyekusudia kumlipa, kisha jiwe likawa kioo, huo ni mgogoro wa biashara au ni ulaghai. Hatuwezi kuchukua pesa za mtu kwa neno la upande mmoja, na wewe usingetaka tuchukue zako hivyo.

Unachoweza kufanya ni hiki, na ufanye haraka. Peleka jiwe maabara upate maandishi. Hifadhi ujumbe wote, pamoja na picha na namba. Ripoti polisi upate namba ya OB. Kisha tupigie huduma kwa wateja na uwape kodi ya muamala pamoja na hiyo namba ya OB. Polisi wakituomba rekodi kwa njia ya sheria, tunazitoa. Kila saa inayopita inampa huyo mtu nafasi ya kutoa pesa na kutupa laini.

Je, kito ni akiba?

Mwaka 2020 mchimbaji wa Tanzania, Saniniu Laizer, aliuzia serikali yake mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 za Tanzania. Habari hiyo ilisambaa kila simu. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana matapeli hupenda kuitaja. Lakini tazama vizuri: yeye alikuwa anauza jiwe alilolichimba. Wewe unanunua dukani.

Bei ya dukani ina kodi ya nyumba, mshahara wa mkataji, ushuru na faida ya mwenye duka. Siku ukitaka kuuza, atakayenunua hatakurudishia hayo yote. Atakupa bei ya jumla, na atataka muda. Kito hakiuziki saa mbili usiku mtoto akiugua. Kwa hivyo pesa za karo, pesa za chama na akiba ya dharura zisiingie kwenye jiwe. Nunua kito kwa sababu unakipenda na utakivaa, kwa pesa ambazo hutazihitaji mwaka huu. Kikipanda bei baadaye, ni baraka juu.

Hatusemi usinunue. Kuna furaha ya pekee kuvaa jiwe lililotoka kwa udongo wa nchi yako, na kila pesa inayomfikia mchimbaji na sonara mwaminifu ni kazi nzuri. Tunachosema ni kwamba jiwe hilo limekaa ardhini mamilioni ya miaka. Linaweza kungoja siku mbili zaidi ulipeleke maabara. Muuzaji asiyeweza kungoja siku hizo mbili, muache aende na jiwe lake, na wewe ubaki na pesa zako.